Duka la dawa salama: kuanzia boksi linapopokelewa hadi mgonjwa anapotoka mlangoni

Aprili 2024 mamlaka ya dawa ya Nigeria ilitangaza kuondoa sokoni toleo moja, yaani dawa zilizotengenezwa kwa pamoja na kupewa namba moja, la dawa ya maji ya kikohozi ya watoto. Hazikupita siku nyingi, Kenya, Tanzania na nchi nyingine kadhaa zikafuata na tangazo la toleo lile lile. Kwa watoa dawa swali likawa moja tu: hilo toleo ninalo? Waliokuwa na daftari zuri walijibu ndani ya dakika chache. Sisi wengine tulishusha chupa zote sakafuni na kuanza kusoma moja moja, huku wateja wamesimama kaunta wakitutazama.

Na haikuwa hofu ya bure. Miaka miwili kabla, Gambia ilipoteza watoto zaidi ya 60 kwa figo kushindwa kufanya kazi, na dawa za maji zilizochafuliwa kwa daiethilini glaikoli, sumu ile ile iliyotajwa kwenye tangazo la Nigeria, zikahusishwa na vifo hivyo. Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari Oktoba 2022. Sumu hiyo huioni kwa macho wala huisikii kwenye ulimi. Mtu wa dukani hawezi kuipima. Anachoweza ni kujua dawa yake imetoka wapi, imekaaje, na imekwenda kwa nani.

Mwongozo huu ni wa duka la dawa muhimu na famasi ya mtaani, Tanzania. Wenye umri wangu wanakumbuka maduka ya dawa baridi, yaliyoruhusiwa kuuza zile tu zisizohitaji cheti cha daktari, ambako dawa nyingi zilizouzwa chini ya meza hazikuwa baridi hata kidogo. Maduka ya dawa muhimu yalianzia Ruvuma mwaka 2003 kwa ajili hiyo: mwenye duka apate kibali, mtoa dawa afundishwe, na orodha ya dawa zinazoruhusiwa ijulikane. Orodha hiyo ibandike ndani ya duka mahali unapoiona wewe, si mteja. Siku mteja anapokubembeleza, macho yako yataipata.

Hatua ya 1: Karatasi

Kibali cha duka, cheti cha mtoa dawa, na jina la msimamizi kama ni famasi, vyote viwe ukutani na viwe hai. Mtoa dawa mwenye cheti ndiye anayetoa dawa. Mdogo wake aliyekuja likizo anaweza kufagia na kupanga maboksi, basi.

Hatua ya 2: Chagua unakonunua

Kila mwenye duka anamjua yule kijana wa begi. Anaingia mchana wakati wa usingizi, anaweka begi juu ya kaunta, bei yake iko chini ya jumla kwa elfu mbili au tatu kwa boksi. Risiti hana, au anayo ya kuandikwa kwa kalamu isiyo na jina la kampuni. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, dawa 1 kati ya 10 ni duni au bandia. Nyingine kati ya hizo huingia madukani kwa begi kama hilo.

Nunua kwa msambazaji mwenye leseni na udai risiti ya mashine kila mara, hata kwa boksi moja. Hakikisha dawa imesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Tanzania. Dawa iliyoandikwa lugha ambayo hakuna mtu mtaani anaisoma, au yenye muhuri wa taasisi ya serikali kwamba haiuzwi, usiipokee hata kama aliyeileta ni shemeji yako. Dawa ya serikali kwenye shelfu lako ni kesi, na ni dawa iliyomkosa mgonjwa mahali pengine.

Hatua ya 3: Pokea kwa kalamu mkononi

Mzigo mwingi wa mikoani unakuja na basi. Umelala juu ya buti yenye joto, au umekaliwa na gunia la vitunguu. Kwa hiyo usisaini halafu ufungue. Fungua, angalia, ndipo usaini.

Daftari la kupokelea liwe na safu hizi: tarehe, msambazaji, jina la dawa, miligramu zake, namba ya toleo, mwezi wa kuisha muda, idadi. Namba ya toleo ndiyo watu wanayoiruka kwa sababu ni ndefu na imechapwa kwa maandishi ya kuumiza macho. Ndiyo hiyo tuliyokuwa tunaitafuta sakafuni mwaka 2024. Iandike.

Linganisha namba iliyo kwenye boksi la nje na iliyo kwenye pakiti ya ndani. Zikitofautiana, rudisha. Kama muda wa kuisha umeandikwa mwezi na mwaka tu, dawa inatumika mpaka siku ya mwisho ya mwezi huo, ila usipokee ya miezi miwili kwa dawa inayotoka kwako mara moja kwa wiki. Angalia pia kwa macho na pua: vidonge vya rangi mbili vilivyogandana, chumvi ya kuongeza maji mwilini iliyokuwa jiwe, dawa ya maji ya kutikisa kabla ya kunywa ambayo hata ukiitikisa bado ina mashapo chini. Asprini inayonuka siki imeshaharibika. Harufu hiyo ni ya dawa yenyewe ikivunjika kwa unyevu.

Hatua ya 4: Joto

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo dawa nzuri zinapofia.

Sehemu kubwa ya dawa zetu zimeandikwa zikae chini ya nyuzi 30, nyingine chini ya 25. Duka lenye bati lisilo na dari, Dar es Salaam mwezi wa pili, saa nane mchana, linavuka hapo bila shida. Nunua kipimajoto cha ukutani, kitundike usawa wa shelfu za juu ambako joto hupanda, si karibu na feni. Soma mara mbili kwa siku, asubuhi unapofungua na saa nane au tisa mchana, uandike. Kusoma asubuhi peke yake ni kujidanganya. Kama saa nane inavuka 30 kila siku, weka dari, fungua matundu ya hewa ya juu, au funga kiyoyozi kama biashara inabeba. Wakati unatafuta hela, shusha zile za chini ya 25 kwenye shelfu za chini, na mishumaa ya kuweka njia ya haja kubwa iondoe kabisa kwenye dirisha linalopigwa na jua la jioni. Maboksi yasiguse sakafu wala ukuta. Mbao mbili chini zinatosha.

Friji ni habari nyingine. Nyuzi 2 hadi 8, si pungufu, si zaidi. Watu wengi wanaogopa joto na kusahau baridi. Mimi mwenyewe niliwahi kurudi Jumatatu nikakuta insulini imeganda. Umeme ulikuwa umekatika Jumamosi, kijana aliyekuwa zamu akaona friji limepata joto, umeme uliporudi akazungusha kitasa cha kuongeza baridi mpaka mwisho "lipoe haraka", halafu akafunga duka. Alikuwa na nia njema kabisa. Tulitupa zote. Insulini ikishaganda haifai tena, hata ikiyeyuka ikaonekana safi kama maji ya mvua. Ukimuuzia mgonjwa, atajichoma kila siku huku sukari inapanda, na atadhani tatizo ni ugali.

Tangu hapo kitasa tumekibandika gundi kwenye namba yake. Kipimajoto kiko ndani katikati ya friji. Dawa hazikai mlangoni wala hazigusi ukuta wa barafu. Shelfu la chini limejaa chupa za maji, ambazo hutunza ubaridi umeme ukikatika, na hakuna soda, hakuna chakula cha mchana cha mtu. Umeme ukikatika, usifungue mlango kuangalia kama bado ni baridi.

Mgonjwa wa insulini asiye na friji nyumbani usimwache aende hivi hivi. Mwambie aweke chupa kwenye mfuko usiopitisha maji, ndani ya mtungi wa udongo wenye unyevu, kivulini. Akishaifungua, aina nyingi hutumika takriban wiki nne. Mwandikie tarehe kwenye chupa.

Hatua ya 5: Panga shelfu

Itakayoisha muda kwanza ikae mbele na itoke kwanza. Zilizobakiza miezi mitatu zibandike kipande cha karatasi nyekundu.

Kuhusu alfabeti nina neno. Tulifundishwa kupanga kwa herufi, na nilipanga hivyo miaka mingi, hadi siku niliyomtolea mama mmoja metformini badala ya metronidazoli. Zote zinaanza na M na E na T, zote vidonge vyeupe, zimekaa bega kwa bega. Mama alikuwa anaharisha. Metformini ni ya kisukari, na moja ya mambo inayoyafanya vizuri sana ni kuharisha. Alirudi jioni akiwa na bahasha mkononi: "Dokta, hizi mbona si zile za siku zote?" Nilimwomba msamaha, nikamwangalia hali, nikambadilishia, nikamsindikiza zahanati. Usiku ule nikahamisha metformini upande wa dawa za sukari na presha, metronidazoli ikaenda kwenye antibayotiki. Panga kwa kazi ya dawa, na majina yanayofanana yatenganishe kwa shelfu zima. Amlodipini na amitriptilini nazo si marafiki.

Hatua ya 6: Uliza kabla hujanyoosha mkono

Ni ya nani? Ana umri gani, na kama ni mtoto, ana kilo ngapi? Ni mjamzito au ananyonyesha? Kuna dawa iliyowahi kumdhuru? Anatumia dawa gani nyingine, pamoja na za miti shamba? Maswali haya matano yanachukua nusu dakika. Yanaokoa mjamzito asipewe doksisaiklini, na mzee mwenye vidonda vya tumbo asipewe diklofenaki ya mgongo.

Cheti cha daktari kisichosomeka usikibashiri. Piga simu kituoni. Nimeona watoa dawa wanazungushiana cheti kama bahati nasibu, kila mmoja anataja dawa yake.

Maswali mengine yauliziwe pembeni. Binti anayetaka P2, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, kaka anayetaka dawa ya ugonjwa wa zinaa, hawatakuambia ukweli mbele ya foleni. Kiti kimoja na pazia nyuma ya kaunta vinatosha. Kwa P2 muhimu ni saa: imezwe haraka, ndani ya saa 72 baada ya tendo, na kadiri anavyochelewa ndivyo nguvu inavyopungua.

Halafu kuna antibayotiki, hasa vile vidonge ambavyo wateja huviita rangi mbili. Mazungumzo yake kwangu hwenda hivi:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Dokta, nipe rangi mbili za elfu moja, mafua yamenibana."

"Pole bibi. Yana siku ngapi?"

"Leo ya tatu."

"Una homa? Kifua kinabana, unahema kwa shida?"

"Aa, pua tu na koo kuwasha."

"Bibi, rangi mbili haziyawezi mafua. Nikikupa nitakuwa nimekula elfu yako bure. Chukua hizi za kutuliza maumivu, kunywa vitu vya moto. Ukipata homa au kuhema kwa shida, usije kwangu, nenda zahanati."

"Mbona mwenzako wa stendi hunipa?"

Jibu la swali hilo sijalipata mpaka leo. Anayeuza vidonge vinne vya elfu moja hatengenezi dozi, anafundisha vimelea vizoee dawa. Sisi kwenye fani tunauita UVIDA, usugu wa vimelea vya magonjwa dhidi ya dawa, lakini bibi hana haja ya jina hilo. Anahitaji mtu amwambie ukweli bila kumdharau. Vivyo hivyo "dawa ya UTI": mwenye maumivu ya mkojo akapime mkojo kwanza.

Hatua ya 7: Hesabu na funga

Trei safi ya kuhesabia na kijiko bapa. Vidonge havishikwi kwa kiganja, hasa kiganja kilichotoka kupokea noti. Ukimaliza kuhesabu dawa ya jamii ya penisilini, futa trei, kwa sababu vumbi lake linaweza kumdhuru anayefuata ambaye mwili wake haupatani nayo. Kopo jipya usilimimine juu ya mabaki ya kopo la zamani: umeunganisha matoleo mawili na hakuna daftari litakaloyatenganisha tena.

Bahasha iandikwe jina la mgonjwa, jina la dawa na miligramu, tarehe, na matumizi kwa maneno. "1x3" ni lugha yetu. Andika "kidonge kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja usiku". Asiyesoma mchoree jua na mwezi. Kwa pakiti, usikate upande wenye namba ya toleo na tarehe ya kuisha. Anza kukatia upande wa pili.

Hatua ya 8: Ongea, halafu mwambie arudie

Usimuulize "umeelewa?" Kila mtu ataitikia ndiyo. Sema, "Hebu nieleze mama, ukifika nyumbani utampaje?"

Dawa ya mseto ya malaria, yaani ALu ya vidonge vya miligramu 20/120, ndiyo inayokosewa zaidi, na itolewe baada ya kipimo kuonyesha malaria. Mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 anapata kidonge 1 kwa mara. Kilo 15 hadi chini ya 25, vidonge 2. Kilo 25 hadi chini ya 35, vidonge 3. Kilo 35 na kuendelea, vidonge 4. Mara mbili kwa siku, siku 3. Ugumu uko kwenye dozi ya pili, inayomezwa saa 8 baada ya ile ya kwanza. Akimeza saa nne asubuhi, ya pili ni saa kumi na mbili jioni, ya tatu ni saa nne asubuhi ya kesho yake, na kuanzia hapo kila saa 12. Ipigie hesabu hapo hapo na uandike saa kwenye bahasha. Imezwe na chakula chenye mafuta kidogo: chai ya maziwa, chapati, karanga. Akitapika ndani ya nusu saa arudie, na aje kuchukua kidonge cha kufidia. Mtoto aliye chini ya kilo 5, anayedegedeka, au asiyeweza kunywa si wa kwako. Ni wa hospitali, sasa hivi.

Dawa ya maji ya parasetamoli: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 12 anahitaji 120 hadi 180, yaani mililita 5 hadi 7.5 za dawa yenye miligramu 120 kwa mililita 5, si zaidi ya mara 4 kwa saa 24. Vijiko vya nyumbani havilingani, kwa hiyo toa kikombe cha kupimia au bomba lisilo na sindano. Antibayotiki ya unga ichanganywe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, hadi alama, na tarehe ya kuchanganya iandikwe kwenye chupa pamoja na ya kumwaga. Chumvi ya kuharisha soma pakiti yake kila mara: kuna ya lita 1 na kuna ya nusu lita. Itoke pamoja na zinki.

Hatua ya 9: Zilizoisha muda

Boksi lenye kufuli, limeandikwa HAZIUZWI, mbali na shelfu. Orodhesha kilichomo. Kuteketeza ni kwa utaratibu wa TMDA, na mfamasia wa halmashauri atakuelekeza. Choo, shimo la taka nyuma ya duka na mto havimo kwenye utaratibu huo. Dawa ulizotupa jalalani watoto wanaziokota wakachezea duka.

Hatua ya 10: Andika yaliyoharibika

Mgonjwa akirudi na vipele, mdomo umechubuka, macho mekundu baada ya dawa ya salfa, aache dawa na aende hospitali siku hiyo hiyo. Wewe jaza fomu ya njano ya TMDA ya madhara ya dawa. Huhitaji uhakika kwamba dawa ndiyo iliyosababisha, shaka inatosha.

Makosa yenu wenyewe yapate daftari lake dogo, lisilo na majina ya waliokosea. La kwetu linaanza na metformini, kwa mwandiko wangu. Kijana wa kitasa cha friji aliposoma ukurasa huo, aliomba kalamu.

Hatua ya 11: Jaribu siku isiyo na tangazo

Mara moja kwa miezi mitatu, mtu mmoja achukue pakiti yoyote shelfuni, asome namba ya toleo kwa sauti, na wengine waitafute: ilinunuliwa kwa nani, lini, ngapi zimebaki, na kwa zile za cheti, zimekwenda kwa nani. Dawa ikikutwa kwenye tangazo la kweli, itolewe shelfuni mara moja, ifungiwe peke yake, ihesabiwe, msambazaji apigiwe, na wateja wenye namba za simu wapigiwe.

Mara ya kwanza tulitumia dakika 40, na hatukuipata. Juzi tulitumia dakika 7, na 4 kati ya hizo zilikuwa za kutafuta ufunguo wa stoo.